Vipimo vya Adabu

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, nitamfupishia mikosi yangu. Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka kumi na mmoja. Ofisi ikaleta mfumo mpya wa kompyuta, mimi nikajifanya naujua, na siku moja nikaagiza katoni mia nne za gundi badala ya nne. Nikaonyeshwa mlango. Sasa ni mwezi wa tisa niko nyumbani, nikila jasho la cherehani ya mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi naitwa Mume wa Fundi, na naitika.

Wiki iliyopita niliwaacha, wasomaji wangu, pale ujumbe ulipoingia. Ghala moja kubwa linatafuta mtunza stoo. Jaribio ni Jumatatu, saa mbili asubuhi, na kila mmoja aje na kompyuta yake ikiwa na ule mfumo wa bure wanaoutumia wao, si huu tuliouzoea majumbani. Kompyuta kwetu ni moja. Ni ya Fundi, na kazi yake yote imo humo.

Nilipomwomba ruhusa, aliweka sindano chini. Mke wangu akiweka sindano chini, ujue kesi imeanza kusikilizwa.

"Huo mfumo wako utakaa wapi?" akauliza.

"Pembeni. Diski tunaigawa sehemu mbili. Wa zamani unabaki kwake, mpya unapewa chumba chake. Ukiwasha mashine, inakuuliza unataka kuingia kwa nani."

"Kwa hiyo unauletea mfumo wangu mke mwenza."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na mke mkubwa akifukuzwa na vyombo vyake vyote?"

"Hafukuzwi, mama watoto. Nimesoma siku nne. Nimeandika hatua zote kwenye karatasi."

"Na gundi uliandika?"

Kuna maswali ambayo mume hayajibu, anayameza tu na mate.

Sasa mjue kwa nini alikuwa mkali. Hospitali ilikuwa imempa kazi ya sare za manesi ishirini na sita. Mkuu wao, tunayemwita Matroni, ni mama mmoja ambaye hata madaktari wakimwona kwenye korido wanafunga vifungo vya koti. Ijumaa ya wiki inayofuata wageni wakubwa wangekuja kukagua hospitali, na Matroni alitaka manesi wake wasimame mstari mmoja, kila nguo imemkaa mwenyewe. Fundi alihangaika majuma mawili kuwapima, kwa sababu wanaingia kwa zamu. Wengine aliwapimia mlangoni, mmoja alimpima huku ameshika sindano ya mgonjwa. Saba walikuwa wameshapelekwa zahanati za mbali, kurudi ni siku ya ukaguzi yenyewe. Sare zikiwakaa, nguo zote za hospitali ile zitashonwa kwake. Zisipowakaa, jina lake limekwisha.

"Masharti matatu," akasema. "Nakili kila kitu kwanza. Ukimaliza, hesabu. Na usiguse usichokijua."

Nikaapa. Siku hizi naapa kwa urahisi sana.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuazima diski ya nje kwa shemeji, mdogo wake Fundi, ambaye anatengeneza kompyuta kwenye kibanda chake karibu na posta. Ni dada mpole, lakini mdomo wake hauna pazia.

"Shemeji, ukifika kwenye ukurasa wa kuingiza, utaona chaguo mbili," akaniambia. "Moja inasema futa diski yote. Nyingine inasema kaa kando ya mfumo uliopo. Chagua ya kando."

"Nikikosea?"

"Ukikosea usije hapa. Nenda moja kwa moja kwa wazazi wako, ukawaambie umerudi."

Niliporudi nyumbani, Fundi alikuwa anatoka kwenda kutafuta vifungo na nyuzi. Alisimama mlangoni akanitazama, akaitazama mashine, akanitazama tena. Kisha akaondoka, na nadhani mashine ndiyo aliyoiaga.

Nikaanza. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana mkosi wangu wa leo una ajabu moja: sikukosea hatua hata moja.

Nilinakili kila kitu. Picha za watoto, mitindo ya nguo, barua, vipimo, risiti, hata wimbo mmoja ambao hakuna anayekumbuka aliuweka nani. Nikahesabu faili upande huu, elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Nikahesabu upande wa diski ya nje, elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Nikahesabu tena kwa sababu ya ile gundi. Zikalingana.

Nikaja kwenye kugawa. Mashine ikasema nafasi haitoshi. Nikafuta filamu zangu mwenyewe, za mieleka, na roho iliniuma. Ikasema bado haitoshi. Ndipo nikakumbuka kwamba ukifuta kitu kwenye mfumo ule hakiondoki, kinahamia kwenye pipa la taka la mashine na kukaa humo kikila nafasi ile ile. Nikatazama pipa. Limejaa. Nikabonyeza kulimwaga. Mashine ikauliza kama nina uhakika, na mimi kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa nilikuwa na uhakika.

Nafasi ikapatikana. Nikagawa diski, nikachomeka flashi yenye ule mfumo mpya, nikawasha upya. Ule ukurasa wa shemeji ukatokea, chaguo mbili kama alivyosema, na ile ya kufuta diski yote ndiyo iliyokuwa juu, imeshatiwa alama tayari. Anayetengeneza vitu hivi hana mke. Nikashusha alama kwa vidole viwili. Nikasoma mara tatu. Nikabonyeza.

Dakika arobaini nilikaa nimeshika meza. Kisha mashine ikajizima, ikajiwasha, na kwenye skrini nyeusi yakatokea majina mawili, la kwanza mgeni, la pili mwenyeji. Nikaingia kwa mgeni, kumekucha, kila kitu kinafanya kazi. Nikatoka nikaingia kwa mwenyeji. Nikahesabu. Elfu tatu mia nne na kumi na mbili, ukitoa filamu zangu za mieleka, ambazo nazo zilikuwa salama kwenye diski ya nje. Nilicheza ngoma peke yangu katikati ya majora ya kitambaa.

Fundi akarudi na mifuko. Hakuvua hata viatu.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha yale majina mawili. Nikamfungulia upande wake. Akakaa, akafungua faili la vipimo vya manesi, akashuka nalo jina moja baada ya jingine, midomo ikitikisika. Ishirini na sita. Akafungua mitindo. Ipo. Akafungua picha za watoto. Zipo. Akageuka.

"Baba, umeweza."

"Nimejitahidi."

"Hapana, umeweza. Acha nikuambie ukweli, nilipokuwa dukani nilishapanga maneno ya kukutukana. Sasa sijui niyapeleke wapi."

Akacheka, nikacheka. Akanipikia chai kwa mkono wake, akaniletea pale pale nilipokaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi tembo lenyewe nilikuwa nimeshalitia maji saa mbili kabla ya kusifiwa, na sikujua.

"Sasa kwa kuwa umeiheshimu mashine yangu," akasema akikoroga chai yake, "acha nikupe siri ya kazi. Hivyo vipimo ulivyoviona si vya kweli."

"Si vya kweli vipi?"

"Hivyo ni vya adabu. Mwanamke akija kupimwa, anataka kusikia namba yake. Ukimwambia ile iliyoko kwenye tepu, harudi tena. Kwa hiyo namsomea ya adabu, naiandika ya adabu, akichungulia anaona ya adabu. Ya kweli naiandika pembeni akishaondoka. Nguo nakata kwa ya kweli. Akivaa ikamkaa, anasema, mnaona, sijanenepa."

Nilivutiwa, kusema kweli. Miaka yote hiyo nimelala na mwanamke mwenye hesabu mbili na sikujua.

"Na ya kweli unaiweka wapi?"

"Zamani kwenye daftari. Nesi mmoja akalifungua nilipotoka kupokea simu, ikawa vita mtaa mzima. Nikalichoma. Sasa nimeiweka humo humo kwenye mashine, mahali ambapo hakuna mteja atakayefungua. Wala wewe."

"Wapi?"

Akaanza kucheka kabla hajasema. "Kwenye pipa la taka. Nikitaka kuisoma naitoa, nikimaliza naitupa tena. Nilijiambia, huyu mume wangu atagusa kila kitu, lakini pipa hagusi. Umewahi kumwaga taka tangu tuoane?"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na sikupata pa kuishia.

"Kwani unapunguza kiasi gani?" nikauliza, nikijaribu kutoa sauti ya mtu anayeuliza tu. "Mbili mbili kwa kila mmoja?"

"Ingekuwa rahisi hivyo ningehitaji orodha ya nini? Napunguza kulingana na mtu. Mwenye moyo mwepesi simpunguzii kitu. Mwenye wifi mkorofi napunguza tano. Matroni…" akatikisa kichwa. "Matroni nilimpunguzia mpaka niliogopa mwenyewe."

Nikasema naenda uani mara moja. Nikajifungia bafuni na simu.

"Shemeji, nakuuliza kwa mfano tu," nikaanza.

"Umefuta nini?" akajibu.

Nikamweleza kwa kunong'ona, na kwamba pipa sikulinakili. Nikasikia feni ya kibanda chake ikizunguka.

"Kwa hiyo ulinakili taka zote za nyumba, ukamwaga vito," akasema.

"Shemeji, naomba usinicheke. Kuna dawa au hakuna?"

"Ipo nusu. Kitu kilichomwagwa pipani hakiondoki papo hapo. Kinabaki palepale, ila mashine imeruhusiwa kuandika juu yake. Kama kilikuwa kwenye ile sehemu uliyompa mgeni wako, kimekwisha. Kama kilikuwa upande wa mwenyeji, huenda nikakitoa. Mashine imezimwa?"

"Imewashwa."

"Kazime sasa hivi. Kila ikiwaka inaandika. Niletee leo, mtu asiiguse, nitakaa nayo siku tatu."

"Jaribio langu ni Jumatatu."

"Basi chagua. Na dada umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie, shemeji. Dada yangu ukimwambia ukweli atakupigia kelele mpaka jioni, kisha atakaa chini atafute njia. Ukimficha, utakuwa umemkosea mara mbili. Mficha uchi hazai."

Nilikubali. Nawaapia nilikubali. Nilinawa uso, nikatoka bafuni na maneno yangu yamepangwa: mama watoto, kaa chini, nimefanya kosa. Jaribio la Jumatatu lilikuwa limeshanitoka moyoni. Nilichotaka ni kuibeba mashine ile kwapani nikimbie nayo posta.

Nikafungua mlango wa chumba cha kazi, na Matroni alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Shikamoo, Matroni," nikasema.

"Marahaba. Nimesikia umekuwa mtaalamu."

Nyuma yake walisimama manesi wawili. Fundi alikuwa ameifungua mashine mbele yao, akiizima na kuiwasha, kuwaonyesha yale majina mawili. Mgeni, mwenyeji. Mgeni, mwenyeji. Niliona kila ikiwaka inaandika.

"Ametengeneza mwenyewe," Fundi akawaambia. "Hakuna kilichopotea. Hata nukta."

"Vizuri," Matroni akasema, "maana nimekuja na habari. Wageni hawaji tena Ijumaa ile. Wanakuja Jumatano hii."

"Jumatano hii hii?"

"Hii hii. Utaweza au nitafute mtu?"

Fundi akatazama majora, akanitazama mimi, na nikaona anahesabu. "Nitaweza. Mafundi wenzangu wawili nitawaita. Tunaanza kukata leo, na mume wangu atanisomea vipimo, mimi mikono isitoke kwenye mkasi."

"Basi na anisomee vyangu kwanza," Matroni akasema. "Nataka nisikie."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya skrini. Nikafungua orodha ya adabu. "Kiuno," nikasoma, "sentimita themanini na mbili."

Matroni akawageukia wale manesi taratibu. "Mmesikia?"

"Tumesikia, Matroni," wakajibu pamoja, macho chini. Kiti changu kililia alipoinuka.

Fundi akawasindikiza hadi nje. Nilibaki peke yangu na lile pipa kwenye kona ya skrini, jeupe, tupu, safi kabisa. Nikalifungua kwa matumaini ya mjinga. Hakukuwa na kitu.

Aliporudi alifunga mlango kwa komeo, akatandaza kitambaa cha bluu mezani, akachukua chaki. Alikuwa amenipa mgongo.

"Haya, baba. Sasa tuwe wa kweli. Fungua pipa unisomee. Anza na Matroni, ya kwake nataka niikate kabla mkono haujachoka."

"Mama watoto," nikasema.

"Naam."

"Kuna jambo."

"Hata mimi nina jambo, acha nilitoe kwanza," akasema, bado amenipa mgongo, akilainisha kitambaa kwa kiganja. "Unajua nimemwambia nini Matroni pale nje? Nimemwambia mume wangu amerudi. Akaniuliza, kwani alikuwa amesafiri? Nikamwambia hapana, alikuwa ndani humu humu miezi tisa, ila leo ndiyo amerudi."

Nilimpenda mke wangu pale kuliko siku yoyote, na nilijionea aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilijua neno ninalotakiwa kusema. Lilikuwa fupi. Lilikuwa hapa, mdomoni.

"Jambo lako ni lipi?" akauliza.

"Nilikuwa nasema mwanga hautoshi. Sogea dirishani kidogo."

Akasogea. Akashika mkasi.

"Kiuno cha Matroni?"

Nilitazama kiti changu, kile alichokuwa amekalia. Nilijaribu kumkumbuka, upana wake, namna alivyopita mlangoni.

"Mia moja na nne," nikasema.

Fundi akasimama kidogo. "Mia na nne? Mimi nilidhani ni zaidi."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya, wewe ndiye mwenye macho."

Akachora mstari wa chaki, akaupitisha mkasi mpaka mwisho bila kusita, kwa sababu ananiamini. Kila nesi ana vipimo sita, na manesi ni ishirini na sita. Akavuta kitambaa mbele, akauliza bila kugeuka:

"Nyonga?"